Nukta 19 kati ya 20

Kuna filamu moja ambayo kila aliyewahi kuingia duka la runinga ameiona, ila sijakutana na mhakiki aliyeiandikia hata aya moja. Haina jina, haina mwongozaji anayetajwa, haina mwanzo. Tone la asali linaning'inia kwenye kijiko. Kipande cha embe kinatumbukia majini taratibu, kila povu likihesabika. Chura mwekundu anapumua. Kasuku anageuza shingo. Jicho la mwanamke linafumbuka, kope moja moja, kisha mji fulani wa ng'ambo unawaka taa usiku, halafu asali tena. Kariakoo unaweza kukuta skrini kumi ukutani zote zikicheza filamu ya namna hiyo kwa wakati mmoja, bila sauti, maana sauti ya duka ni ya muuzaji.

Naomba tuichukulie kama kazi ya sanaa kwa dakika chache, kwa sababu ni nadra kukuta kazi nyingine iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya chombo kile. Angalia kisichokuwemo. Hakuna anayesema neno. Hakuna mpira, kwa kuwa vitu vinavyokimbia ndivyo vinavyofichua udhaifu wa kioo. Hakuna msomaji habari. Hakuna ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, wala sebule ya tamthilia zetu yenye ukuta wa krimu na mapazia mazito. Kila kitu kinakwenda polepole na kina rangi iliyokolea. Na runinga yenyewe imewekwa kwenye mpangilio wa dukani: mwanga umepandishwa juu kabisa, rangi zimezidishwa, ili ishindane na taa za duka na runinga za jirani. Ukifika nyumbani mpangilio ni mwingine, na flashi iliyobeba asali imebaki kwa muuzaji.

Hicho ndicho kinachouzwa kwa jina la 4K. Kwa hesabu, ni kioo chenye pikseli 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla nukta 8,294,400. Full HD ina 2,073,600, robo yake kamili. Muuzaji hatakosea hapo. Namba hizo ni za kweli na zimeandikwa kwenye boksi. Ila namba ya nukta ni sifa ya kioo, si sifa ya picha. Tofauti hiyo ndogo ndiyo imebeba biashara nzima.

(Kiswahili chenyewe hakijaamua kuiita nini sifa hii. Wengine wanasema ung'avu, wengine mwonekano, wengine ubora wa picha. Mashine za kutafsiri, zikilikuta neno la Kiingereza, mara nyingi hurudi na "azimio", kana kwamba runinga imekaa kikao ikapitisha jambo. Nalipenda kosa hilo. Azimio tunalolijua sisi ni la Arusha, la 1967, na moja ya matunda ya siasa ya miaka ile ni kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970. Azimio la juu, runinga hakuna. Nafunga mabano.)

Jicho zima lisilohitaji miwani hutenganisha nukta mbili ikiwa zimeachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukichukua runinga ya inchi 43, ambayo upana wake ni kama sentimita 95, hesabu inatoka hivi: nukta za 4K zinaanza kuyeyukiana ukivuka sentimita 85 kutoka kwenye kioo. Za Full HD zinayeyukiana kwenye mita 1.7. Sasa pima sebule yako. Kochi la nyumba nyingi ninazozijua liko mita mbili na nusu au tatu kutoka ukutani, na katikati kuna meza yenye kitambaa. Kwa inchi 43, anayefaidi 4K ni mtoto wa miaka mitatu anayesimama pua imegusa kioo, yule yule tunayempigia kelele arudi nyuma asiharibu macho.

Lakini umbali ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni kinachoingia. Ving'amuzi vingi tulivyonavyo majumbani vinaishia HD, na kituo kinapokuja kwa ubora wa kawaida, ule wa SD, picha inayofika ina nukta 720 kwa 576. Zidisha: 414,720. Gawanya za kioo kwa hizo na unapata 20 kamili, bila salio. Yaani ukitazama kituo cha namna hiyo kwenye runinga ya 4K, kwa kila nukta moja iliyotoka studio, 19 zimebuniwa na runinga. Chipu ndani yake inatazama majirani wa kila nukta na kukisia: hapa patakuwa ngozi, hapa patakuwa kola ya shati. Inakisia vizuri, kusema kweli, na mara nyingine vibaya, ndipo unapoona uso wa mtangazaji umekuwa laini kama umepakwa mafuta na maandishi yanayopita chini yamezungukwa na ukungu.

Hapa ndipo chombo hiki kinapokuwa jambo la uhakiki na si la manunuzi tu. Marshall McLuhan, katika kitabu chake cha 1964 kuhusu vyombo vya mawasiliano, aliiweka televisheni upande wa vyombo baridi, vinavyotoa habari kidogo na kumwachia mpokeaji kazi ya kukamilisha. Picha ya siku zile ilikuwa ya mistari michache yenye ukungu. Mtazamaji ndiye aliyeijaza. Alipoulizwa itakuwaje ikiboreshwa ifikie filamu, jibu lake lilikuwa kwamba kikiboreshwa hivyo hakitakuwa tena televisheni, kama katuni ikichorwa kwa vivuli vyote isivyokuwa tena katuni. Wahadhiri wetu wanamtaja McLuhan kwa haraka, kama mzee aliyepitwa na wakati. Mimi nadhani kwa hili aliona mbali, isipokuwa kitu kimoja hakukitarajia: kwamba kazi ya kujaza ingehamishwa. Habari inayofika sebuleni bado ni kidogo. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi chombo chenyewe kinajaza, kabla hatujapata nafasi.

Na sisi tulikuwa mafundi wa kujaza. Mtu aliyekulia na kibanda umiza anajua ninachosema. TV chogo ya inchi 21 juu ya rafu, mkanda umechezwa hadi umechoka, watu 40 kwenye mabenchi, na sauti ya mfasiri juu ya filamu ya Kichina au Kimarekani. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya: watu hawa hawakutafsiri tu, walijazia. Walimpa mhusika jina la mtaani, walimtania jambazi, waliwaonya watazamaji mapema kwamba huyu unayemwona anacheka atakufa. Nukta walizoziongeza zilikuwa nyingi kuliko 19 kwa 20, na kila mtu aliyekuwa kwenye benchi alijua ni za nani.

Boksi la runinga lina ahadi ya pili, na hiyo ndiyo iliyonishughulisha zaidi: kwamba kipindi ulichokikosa hutakikosa tena. Waingereza huduma hii wanaiita kwa neno la mtu anayekimbia ili awafikie wenzake waliotangulia. Neno linalotukaribia sisi ni marudio, nalo lina mwelekeo tofauti. Katika marudio hukimbii wewe. Kipindi ndicho kinachorudi, kama mgeni aliyekukosa akaahidi kupita tena Jumapili mchana. Saa ya kurudi anaipanga yeye.

Raymond Williams, mhakiki wa Wales aliyefundisha Cambridge, anasimulia katika kitabu chake cha 1974 kuhusu televisheni jinsi alivyofika Miami, kichwa bado kikiyumba baada ya wiki nzima melini, akaketi kutazama filamu na kushindwa kujua filamu inaishia wapi na matangazo ya biashara yanaanzia wapi. Humo mkajaa pia vionjo vya filamu za siku nyingine. Kutokana na mkanganyiko huo alipata dhana yake ya mtiririko: kwamba televisheni haitoi vipindi, inatoa mkondo mmoja wa jioni nzima, na sisi tunasema "nilikuwa naangalia TV" badala ya kutaja tulichokiangalia. Huduma ya kurudi nyuma inachota kipindi kutoka kwenye mkondo huo na kukuletea kwenye kikombe. Hilo ni badiliko la kweli, silidharau.

Ila lazima tuulize kikombe kilitengenezwa wapi. BBC ilizindua iPlayer yake rasmi siku ya Krismasi ya 2007. Mwanzoni kipindi kilikaa humo siku 7, na 2014 zikawa 30. Mwaka 2015 ikaja Freeview Play, iliyoingiza jambo hilo ndani ya runinga yenyewe: unashika rimoti, unairudisha ratiba nyuma kama unavyorudisha kalenda, unabonyeza kipindi cha juzi. Sasa zingatia mpangilio wa malipo. Kaya ya Uingereza hulipia leseni ya televisheni, na tangu Septemba 2016 hata anayetazama kwa iPlayer tu lazima awe nayo. Intaneti ya nyumbani hulipiwa kwa mwezi, tumia utakavyo. Kwa hiyo Mwingereza anaporudi nyuma kwenye ratiba anachukua kitu alichokwisha kulipia. Ni kama kwenda kudai chenji yako.

Sebule yetu imejengwa juu ya malipo ya namna nyingine. Umeme ni wa LUKU, unanunua kabla. King'amuzi ni cha kifurushi, unanunua kabla. Intaneti ni bando la simu, unanunua kabla, na lina mwisho wake wa saa na wa ukubwa. Tamthilia iliyopita jana usiku hewani ulikwisha kuilipia mara moja kupitia kifurushi. Ukiifuata leo kwa intaneti unailipia mara ya pili. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Tuchukue kipimo hicho. Tamthilia ya nusu saa, siku tano kwa wiki, ni kama saa kumi kwa mwezi: GB 30 kwa HD, GB 70 kwa 4K. Tamthilia moja hiyo. Ahadi mbili za boksi zinakutana hapo na kugombana, kwa kuwa kadiri picha inavyokuwa angavu ndivyo kurudi nyuma kunavyokuwa ghali. Na ukinunua runinga ya mtumba iliyotoka Uingereza unaweza kuikuta iPlayer ndani yake, imepangwa vizuri kwenye menyu, lakini haifunguki, maana inawahudumia walio Uingereza tu.

Mwaka jana sisi watoto wanne wa nyumba moja ya Tanga tulichanga fedha za runinga ya mama, na mimi, kwa kuwa nasoma mambo haya chuoni, nikapewa kazi ya kuchagua. Kaka yangu mkubwa alitaka 4K. "Mdogo wangu, usituletee kitu cha kizamani," aliandika kwenye kundi la familia, akaambatanisha picha ya asali. Kaka anatazama mpira, na mpira ndio kipindi kinachokataa kurudiwa kuliko vyote. Mechi ya Simba na Yanga ya jana ni habari, si mechi. Kwake yeye kurudi nyuma si hoja. Mama ndiye mwenye hoja. Tamthilia yake huanza saa moja na nusu usiku, na katikati yake huingia Isha. Anainuka, anakwenda kutawadha, anaswali bila haraka, na akirudi ndoa imevunjika au mtu yuko hospitali na hajui kwa nini.

Kwa miaka mingi shimo hilo limezibwa na shangazi. Asubuhi, wakati wa kuchambua mchele, shangazi anamsimulia kilichotokea. Ningeweza kuandika tasnifu juu ya usimulizi wake. Dakika kumi za tamthilia kwake huchukua nusu saa, kwa sababu anaigiza sauti, anatoa hukumu, anaingiza mambo ya mtaa. Anaruka mapenzi na kurefusha magomvi ya mawifi. Anabuni pia. Kuna mhusika alimzika wiki mbili kabla ya waandishi kumuua, kisa hampendi, na mama alipomwona yuko hai kwenye kioo akapiga kelele. Nilipomuuliza mama kama angependa runinga inayomrudisha nyuma, nilitarajia atamtetea shangazi. Hakumtetea. "Mimi nataka nione kwa macho yangu, mwanangu. Wifi yangu muongo."

Jibu hilo lilinisaidia kuliko nusu ya vitabu nilivyosoma muhula ule, kwa sababu lilinizuia kuandika makala ya kulilia usimulizi unaokufa. Ni rahisi kwa msomi mwenye bando la chuo kumpangia mama yake abaki na masimulizi kwa jina la utamaduni. Mama amekuwa akipokea nukta za kubuniwa miaka yote na amechoka. Haki ya kuona kilichotokea kama kilivyotokea ni haki halisi, na huduma ya kurudi nyuma inamhusu yeye kuliko yeyote aliyetengenezewa tangazo lake. Lawama yangu ni kwa anayemuuzia haki hiyo kwa bei ya GB 30 kwa mwezi kisha akaita ni kitufe kwenye rimoti.

Nilichagua inchi 43 ya Full HD. Kaka alinuna siku tatu. Fedha iliyobaki ililipa vifurushi vya miezi kadhaa, na nyingine ilinunua kitu ambacho hakuna muuzaji hata mmoja aliyenitajia: flashi ya GB 64. King'amuzi cha mama kina tundu la flashi upande wa nyuma, na ndani ya menyu yake, hatua nne chini, kuna sehemu ya kurekodi kwa saa uliyoipanga. Runinga nyingi zenye kipokezi chake cha antena zina kitu kama hicho pia, ingawa hurekodi kinachoingia kwa antena tu, si kile kinachokuja kwa waya kutoka kwenye king'amuzi. Hakuna bando linaloguswa. Kipindi kilichokwisha kulipiwa kinahifadhiwa na aliyekilipia.

Nawauliza wauzaji, kwa nini hili halimo kwenye boksi? Nadhani jibu ni kwamba flashi haiwaletei wenye huduma chochote baada ya siku ya kuuza. Haijui mama anatazama nini, haimpendekezei kitu, haimalizi bando lake. Kwa lugha ya biashara ni kazi iliyokufa. Wakati huo huo mabango yanaimba juu ya runinga janja, na ujanja wenyewe ukiuchunguza ni vitufe vya rangi kwenye rimoti vinavyokupeleka moja kwa moja dukani.

Kurekodi kuna adabu yake. Vituo vyetu havianzi kwa wakati, kwa hiyo tumepanga king'amuzi kianze dakika kumi mapema na kimalize robo saa baadaye. Matokeo yake ni kwamba anachopata mama si kipindi kitupu ndani ya kikombe. Anapata mkia wa kipindi kilichotangulia, tangazo la sabuni, tangazo la unga, mtu anayesoma ratiba ya wiki, tamthilia yake, kisha mwanzo wa taarifa ya habari unaokatika katikati ya sentensi. Mkondo wa Williams umeingia kwenye flashi pamoja na samaki na magugu yake. Nilimwonyesha kitufe cha kuruka mbele. Anakijua, na hakitumii. Anatazama yote kwa mpangilio, asubuhi, huku shangazi ameketi pembeni na sinia la mchele, akimweleza mambo ambayo kamera haikuyaonyesha.